Ukifunga Spea ya Mtaani, Waranti ya Gari Inakufa?

Anayenunua gari jipya hukabidhiwa funguo, kadi ya gari na kijitabu cha waranti ambacho hakifunguliwi mpaka siku gari linapoleta matatizo. Wasiwasi huanza mapema zaidi, siku ya sevisi ya pili au ya tatu, bili ya wakala inapotua mezani. Filta ya namna ile ile ipo Gerezani, Kariakoo, na ipo Kirinyaga Road, Nairobi, kwa bei ya kuchekesha. Fundi wa mtaani yuko tayari kuifunga hapo hapo. Mwenye gari anashika simu na kumuuliza mtu anayemwamini: "Nikifunga hii, waranti si itakufa?"

Ukimuuliza muuza magari, atakwambia ndiyo. Ukimuuliza fundi, atakwambia hakuna kitu kama hicho. Kila mmoja anavutia kwake, kwa sababu hela ya sevisi ni moja na inatafutwa na wawili.

Jibu fupi ni hili: spea moja haiui waranti yote. Inaweza kukunyima sehemu ya waranti, na kinachoamua ni kama spea hiyo ndiyo iliyoleta ubovu unaoulalamikia. Sura hii inaeleza kanuni hiyo imetoka wapi, inafanyaje kazi gereji, na wewe ujipange vipi ili isikugeuke.

Waranti inaahidi nini hasa

Waranti ni ahadi ya maandishi. Mtengenezaji anasema: gari likiharibika ndani ya muda huu kwa sababu ya kasoro ya malighafi au ya uundaji, nitalitengeneza kwa gharama zangu. Muda huhesabiwa kwa miaka na kwa kilomita, na kinachotangulia kufika ndicho kinachofunga hesabu. Miaka 3 au kilomita 100,000 ni kiwango cha kawaida. Dereva wa teksi anayekimbia kilomita 200 kwa siku atazimaliza kilomita 100,000 kabla ya mwaka mmoja na nusu, hata kama kalenda inamwambia bado ana muda.

Waranti hulipia kasoro, hailipii uchakavu. Pedi za breki, wiper, balbu na sahani ya klachi huisha kwa kutumika, kwa hiyo ziko nje ya ahadi kwa kawaida. Tairi mara nyingi zina waranti ya kampuni iliyozitengeneza, si ya kampuni ya gari. Shika jambo hili, maana litatusaidia mwishoni kuamua spea ipi ununue wapi.

Waranti pia ina mipaka ya nchi. Gari lililotumika Japani, ambalo ndilo wengi wetu tunaloliendesha, hufika bandarini Dar es Salaam au Mombasa bila ahadi yoyote ya kiwanda. Yadi ikikuandikia "miezi mitatu, injini na giaboksi", ahadi hiyo ni ya yadi, na ukidai unamdai mwenye yadi. Wanaoguswa zaidi na sura hii ni wenye magari mapya: pikapu za miradi, malori, mabasi madogo, magari ya kampuni, na hata pikipiki za bodaboda zinazotoka dukani na kadi ya sevisi.

Rafu moja, spea za aina tano

Watu husema "orijino" na "feki" kana kwamba hakuna kingine. Duka la spea lina makundi matano, na kila moja lina uzito wake siku ya madai.

1. *Spea ya kampuni.* Imo ndani ya boksi lenye jina la kampuni ya gari na namba yake ya spea.
2. *Spea ya kiwanda kinachoiuzia kampuni.* Kampuni za magari hazitengenezi kila kitu. Plagi, filta, beringi, shokapu na pampu hununuliwa kwa viwanda kama Denso, NGK, Bosch na Aisin. Denso yenyewe ilikuwa idara ndani ya Toyota mpaka ilipojitenga mwaka 1949. Plagi inayouzwa katika boksi la NGK inaweza kuwa sawasawa na ile iliyo katika boksi la kampuni ya gari, tofauti ikiwa karatasi na bei.
3. *Spea mbadala.* Imetengenezwa na kiwanda kingine ili itoshee gari lako. Humu kuna zilizo nzuri sana na kuna takataka.
4. *Spea ya mtumba.* Imetolewa kwenye gari jingine, ikaletwa sokoni imetumika.
5. *Spea feki.* Imebandikwa jina la mtu mwingine. Hili ni kosa kisheria. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na Tanzania Tume ya Ushindani ndiyo inayozisaka bidhaa bandia.

Mjadala wa waranti unahusu kundi la pili, la tatu na la nne. La tano halina mtetezi: spea feki ikivunja injini, hakuna sheria ya nchi yoyote itakayomlazimisha mtengenezaji alipe.

Lipo pia kundi la vitu vya kuongeza, ambavyo havichukui nafasi ya spea ya zamani: traka, kengele ya wizi, spotilaiti, redio kubwa, bampa ya chuma, springi za kuinua gari. Hivi ndivyo vinavyoleta ugomvi mwingi kuliko filta.

Wamarekani walivyolikata swali hili mwaka 1975

Nchi iliyoliandikia swali hili sheria mapema ni Marekani. Januari 1975 Rais Gerald Ford alitia saini Sheria ya Waranti ya Magnuson-Moss, iliyopewa majina ya seneta Warren Magnuson na mbunge John Moss. Ndani yake kuna katazo moja zito: mtoa waranti haruhusiwi kumfunga mnunuzi atumie spea au huduma ya chapa fulani kama sharti la waranti, isipokuwa anampa spea au huduma hiyo bure, au amepata ruhusa maalumu ya serikali kwa kuonyesha kwamba bidhaa haiwezi kufanya kazi sawasawa bila kitu cha chapa hiyo.

Maana yake ni kwamba mtengenezaji anaweza kudai *kiwango*, lakini hawezi kudai *chapa*. Akiandika "tumia oili ya 0W-20 yenye kiwango hiki", yuko ndani ya haki yake. Akiandika "tumia oili yetu tu, tena uinunue kwetu", amevuka mstari.

Tume ya Biashara ya Marekani, inayosimamia sheria hiyo, inaeleza pia nani abebe mzigo wa kuthibitisha, yaani nani aonyeshe ushahidi. Mtengenezaji au wakala akitaka kukataa dai, ni juu yake kuonyesha kwamba spea ya nje au kazi ya fundi wa nje ndiyo iliyoharibu. Kusema tu "hii si spea yetu" hakutoshi.

Sheria hiyo haikukaa kabatini. Mwaka 2015 tume iliishtaki BMW kuhusu magari yake ya MINI, ikidai kwamba wateja waliambiwa watapoteza waranti wasipotumia spea za MINI na gereji za MINI kwa matengenezo ya kawaida. Shauri likaisha kwa makubaliano kwamba mtindo huo ukome. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Harley-Davidson, watengenezaji wa pikipiki. Waliamriwa kuondoa masharti ya aina hiyo na kuandika ndani ya waranti zao kwamba kutumia spea za wengine au mafundi wa nje hakubatilishi waranti.

Ulaya na Afrika Kusini zimefuata

Umoja wa Ulaya ulipita njia ya sheria za ushindani wa biashara. Kanuni yake ya mwaka 2010, namba 461, pamoja na miongozo iliyoambatana nayo, inamzuia mtengenezaji asiifanye waranti itegemee sevisi ya gereji zake au spea za chapa yake. Kazi moja tu inabaki mikononi mwake: matengenezo anayoyalipia yeye mwenyewe chini ya waranti. Hapo ana haki ya kuchagua spea, kwa kuwa hela ni yake.

Barani kwetu, Afrika Kusini ndiyo mfano ulio wazi. Tume ya Ushindani ya huko ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021. Mwenye gari lililo ndani ya waranti anaruhusiwa kwenda kwa fundi huru na kufunga spea zisizo za kampuni bila kufutiwa waranti. Fundi naye anatakiwa amwambie mteja wake hatari iliyopo: kazi au spea hiyo ikisababisha uharibifu, sehemu iliyoharibika inaweza isilipwe. Mwongozo huo ulitaka pia bei ya mpango wa sevisi itenganishwe na bei ya gari, ili mnunuzi aone analipia nini na aweze kuukataa.

*Kwa ufupi mpaka hapa:* nchi hizi zimefika mahali pamoja. Waranti haifutwi kwa sababu ya chapa ya spea. Inakataliwa kwa kisababishi, na kwa ule ubovu uliosababishwa tu.

Kisababishi kinatafutwaje gereji

Kanuni ni rahisi kuitamka, lakini gari likiwa juu ya jeki mambo huhitaji macho. Tuchukue mifano minne.

*Filta na oili.* Gari lina kilomita 40,000, injini inagonga. Wakala anavua kifuniko cha juu na kukuta tope jeusi zito limegandia kila pembe. Anaitoa filta na kuikata kwa mkasi. Karatasi ya ndani imekunjamana na kuchanika, na vipande vyake vimesafiri na oili mpaka kwenye njia nyembamba zinazolisha beringi za injini. Hapo hana haja ya kubishana. Ushahidi uko mezani na dai la injini litakataliwa. Lakini kama filta ni ya nje, karatasi yake ni nzima, oili ni safi na ya kiwango kilichoandikwa kitabuni, na kilichovunjika ni pampu ya oili, basi filta haina kosa. Kosa linalotokea sana kwetu ni la oili: gari linataka 0W-20, fundi anamwaga 20W-50 akisema nchi yetu ni ya joto. Injini za sasa zina njia nyembamba zilizopimwa kwa oili nyepesi, na oili nzito huchelewa kufika juu gari linapowashwa asubuhi.

*Springi za kuinua gari.* Pikapu imeinuliwa ili ipite barabara mbovu. Mihimili inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele sasa inafanya kazi kwa pembe kali kuliko ilivyopangwa, na viungo vyake vinakwisha upesi. Dai la viungo hivyo ni gumu kushinda. Lakini kiyoyozi cha pikapu hiyo hiyo kikifa, springi haziingii kwenye mazungumzo. Hapa ndipo wateja wengi wanapokubali kushindwa bila sababu: wakala anaona gari limeinuliwa na kusema waranti imeisha, mteja anainamisha kichwa na kulipia kiyoyozi.

*Waya za traka na spotilaiti.* Mabenki na kampuni za bima mara nyingi hutaka traka, na mabasi ya abiria Tanzania yanatakiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuwa na mfumo wa kuyafuatilia. Kwa hiyo si anasa. Tatizo ni namna inavyofungwa. Fundi anamenya waya wa kiwandani, anauzungushia waya wake, anafunga kwa selotepu, na hakuna fyuzi. Magari ya sasa hupitisha mawasiliano ya breki, injini na taa kwenye waya chache zinazotumiwa kwa pamoja. Ukivuruga moja, taa tano za tahadhari zinawaka. Kifaa kile kile kikichukua umeme mahali palipotengwa, kikiwa na fyuzi yake, hakimpi wakala la kusema.

*Kompyuta ya injini.* Kuna mafundi wanaoandika upya programu ya injini ili gari liwe na nguvu zaidi. Wengi hudhani kwamba ukirudisha programu ya zamani kabla ya kwenda kwa wakala hakuna atakayejua. Kompyuta nyingi huweka hesabu ya mara zilizoandikwa, na kampuni kama Volkswagen na Audi huliwekea gari la namna hiyo alama ya TD1 katika kumbukumbu zao, inayoonekana kwa mawakala wao wengine. Nguvu ya ziada inagusa injini, giaboksi na ekseli, hivyo eneo linaloweza kukataliwa ni pana kuliko katika mfano mwingine wowote hapa.

Mfumo wa gesi asilia, ambao umeenea Dar es Salaam kwa sababu ya bei ya mafuta, uko katika kundi hili la mwisho. Unagusa mafuta, moto wa plagi na kompyuta kwa wakati mmoja. Mwenye gari jipya aulize wakala kwa maandishi kabla ya kufunga, na afunge kwenye karakana inayotambulika, kama ile ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam.

Kwetu Kenya na Tanzania

Huku kwetu maandishi ya mkataba wako ndiyo ya kusoma kwanza, kisha sheria ya mlaji. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na haki ya kupewa taarifa anazohitaji. Sheria ya Kenya ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inaongeza kwamba mkataba wenye maneno yanayoweza kueleweka kwa namna mbili usomwe kwa faida ya mlaji. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani na kukataza kumdanganya mlaji kuhusu haki zake.

Kwa hiyo sentensi kama "waranti itabatilika pakifanyika mabadiliko yoyote" isikutishe kabla hujauliza: mabadiliko gani, na yanahusiana vipi na ubovu huu? Kama kitabu kinasema wazi kwamba sevisi zote zifanywe kwa wakala, elewa kwamba umeweka saini chini ya sharti hilo, na kulipinga kutakugharimu muda. Mnunuzi mwenye nguvu ni yule anayeuliza kabla ya kulipa. Kampuni inayonunua magari kumi inaweza kuomba sharti lilegezwe, na mara nyingi muuzaji hatapoteza biashara kwa ajili ya filta.

Jinsi ya kujilinda

- Soma kurasa mbili tu za kijitabu: inayotaja yasiyolipwa na inayotaja ratiba ya sevisi.
- Usipitishe kilomita za sevisi. Kuchelewa sevisi hukuponza haraka kuliko spea ya nje.
- Weka risiti zenye tarehe, kilomita, namba ya spea na kiwango cha oili. Risiti iliyoandikwa "sevisi" peke yake haikusaidii kitu.
- Piga picha boksi la spea na spea yenyewe kabla haijafungwa.
- Nunua duka linalotoa risiti ya kodi, ya EFD kwa Tanzania au eTIMS kwa Kenya, ili muuzaji ajulikane akihitajika.
- Ukitaka kufunga traka, bampa au mfumo wa gesi, mwandikie wakala barua pepe kwanza na ulitunze jibu.
- Kifaa kikifungwa na wakala mwenyewe kabla hujachukua gari, aandike kwenye ankara kwamba hakiathiri waranti.
- Tunza spea ya kiwandani uliyoivua.

Dai likikataliwa

Usianze kwa kelele. Omba barua inayosema mambo matatu: kilichoharibika, spea inayolaumiwa, na namna spea hiyo ilivyosababisha uharibifu. Wakala anayejua kazi yake ataiandika. Anayebahatisha ataanza kutafuta njia ya maelewano.

Ukishapata barua, omba sehemu iliyoharibika isitupwe wala isisafishwe, na mlete fundi huru aitazame na kuandika maoni yake. Kisha panda ngazi: meneja wa sevisi, halafu ofisi ya mtengenezaji inayosimamia eneo lako, ambayo mara nyingi ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya malipo ya waranti. Bila mafanikio hapo, peleka malalamiko kwenye mamlaka ya ushindani na ulinzi wa mlaji ya nchi yako, ukiwa na risiti zako kwa mpangilio wa tarehe. Wakati wote huo usiruhusu gari litengenezwe kwingine, maana ushahidi ukishafunguliwa na mtu mwingine huwa hauna mwenyewe.

Muhtasari wa sura

- Spea isiyo ya kampuni haifuti waranti yote kwa kuwepo kwake tu.
- Mtengenezaji anaweza kukataa ubovu uliosababishwa na spea au ufungaji mbaya, na huo tu.
- Kudai kiwango ni haki yake; kudai chapa kumekatazwa Marekani, na Ulaya na Afrika Kusini zimefika hapo hapo.
- Kenya na Tanzania, mkataba usomwe pamoja na sheria ya mlaji, na maswali yaulizwe kabla ya kusaini.
- Mwenye kumbukumbu kamili ana nafasi kubwa ya kushinda.

Sasa unaweza kuamua mwenyewe ununue nini wapi. Vitu ambavyo waranti haivilipii, kama pedi za breki, wiper, balbu na tairi, vinunue popote penye ubora, kwa sababu huna waranti ya kupoteza hapo. Pedi tu usizifanyie ubahili, maana zimebeba maisha ya watu. Vitu vinavyogusa oili ya injini na giaboksi vinunue vya kundi la kwanza au la pili. Akiba ya kufunga cha bei rahisi ni ndogo mno ukiilinganisha na injini. Na chochote kinachokata waya au kuandika upya kompyuta kisubiri mpaka upate jibu la maandishi, au mpaka waranti iishe yenyewe.